Jibu kwa Wanaoendesha Peke Yao

Katika toleo lililopita la jarida hili ndugu yetu mmoja aliandika, kwa Kiswahili kitamu ambacho siku hizi hatukisomi mara nyingi, kwamba Mswahili mwenye baiskeli hapa Stockholm hana haja ya klabu. Alisema wiki nzima anapangiwa saa na bosi, anapangiwa chumba cha kufulia na jumuiya ya wapangaji, anapangiwa hata siku ya kumwona daktari, na haoni sababu ya kwenda kujipanga tena siku ya Jumapili nyuma ya migongo ya watu asiowajua. Tulicheka. Kisha tukakasirika kidogo, na ndiyo maana tunaandika.

Sisi ni wanne. Tunakaa Husby, Rinkeby na Akalla, na hakuna hata mmoja wetu ambaye hakuwahi kuyasema maneno hayo hayo. Tulikuwa wapangaji katika nyumba hiyo anayoisifia, kwa hiyo tunaijua inapovuja.

Kwanza tumpe haki yake. Mwezi Juni jua la hapa huchomoza saa tisa na nusu usiku, na mtu akitoka na baiskeli yake saa kumi na moja alfajiri, akashika njia za Järvafältet kuelekea msitu wa Hansta, au akateremka Ulriksdal hadi bustani za Haga na kuingia mjini wakati mji umelala, hakuna anayemuuliza ametoka nchi gani na atarudi lini. Kwa mtu anayeulizwa hivyo tangu atue Arlanda, saa mbili za kutoulizwa ni dawa. Hilo hatulibishi. Wala hatubishi hoja yake ya zamu. Watu wetu wengi wanaendesha mabasi, wanahudumia wazee majumbani, wanasafisha ofisi usiku. Klabu ikitoka Jumapili saa mbili asubuhi, kuna dada yetu ambaye saa hiyo ndiyo kwanza anavua sare ya kazi na anachokitamani ni godoro.

Lakini ndugu yetu hakuishia hapo. Alimalizia barua yake kwa ile methali ambayo Waswidi wanaipenda mno na kuibandika kwenye kuta za ofisi zao, ile inayosema ukitaka kwenda haraka nenda peke yako, ukitaka kwenda mbali nendeni pamoja. Halafu akatania kwamba yeye ana haraka. Waswidi huiita methali ya Kiafrika. Sisi tumetoka Kisarawe, Mombasa, Bukoba na Bukavu, na katika pande zote hizo nne hatukumbuki bibi hata mmoja aliyeitamka. Tuliisikia mara ya kwanza hapa hapa Stockholm, katika semina, kutoka kwa mtu aliyetaka kutufurahisha kabla ya chakula cha mchana.

Na kwa habari ya baiskeli methali hiyo ni ya uongo mtupu. Mtu anayeendesha kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zake huliwa na upepo. Anayekaa nyuma ya mwenzake, gurudumu lake likiwa hatua moja tu kutoka gurudumu la mbele, huokoa kiasi cha robo na wakati mwingine theluthi ya nguvu hizo. Ndiyo maana waendeshaji hupokezana: wa mbele akate upepo dakika moja mbili, ateleze pembeni, arudi mkiani apumzike, na mwingine ashike zamu. Yule wa peke yake ndiye mwenda polepole. Ndugu yetu na atoke Brommaplan, apite Drottningholm pale familia ya mfalme inapokaa, aingie mashamba ya Lovön kuelekea Ekerö siku upepo unapotoka ziwani Mälaren. Ataona kundi la watu wenye umri wa baba yake wakimpita huku wakizungumza habari za bei ya nyumba. Sisi tulipitwa hivyo. Mmoja wao alikuwa na mvi hadi kwenye nyusi, akatupungia mkono, na hatukulala vizuri usiku ule.

Kuna wanaosema kwamba kuendesha kwa makundi ni mambo ya Wazungu. Hao wamesahau walikotoka. Kwetu baiskeli haikuwa mchezo. Ilibeba mkaa, maziwa, ndizi, madumu ya maji na wagonjwa, na hadi leo ukimwambia mzazi kwenye simu kwamba umeendesha kilomita 80 kwa starehe, atakuuliza kama umekosa nauli. Mmoja wetu aliyekulia Kisarawe anawakumbuka wauza mkaa waliokuwa wakipita kabla ya alfajiri kuelekea Dar es Salaam, kila mmoja na magunia yake yamefungwa kwenye kariea kwa mipira ya matairi. Hawakuwa wakienda mmoja mmoja. Kwenye mlima wa Pugu mmoja alishika baiskeli, wawili wakasukuma, kisha wakarudi kuichukua ya pili. Aliyepata pancha alisubiriwa. Hawakuwa na katiba wala mweka hazina, lakini klabu ilikuwa ile.

Sasa tuseme jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike, kwa sababu hadi hapa mtu anaweza kudhani tunagombania mwendo.

Mwezi Novemba, miaka michache iliyopita, mmoja wetu aliendesha peke yake kutoka kazini kupitia msituni. Mwezi huo hapa giza huingia saa kumi jioni. Majani yalikuwa yamelowa na chini yake barafu ilikuwa imeanza kushika. Gurudumu la mbele likateleza, akaanguka kwa bega, mtulinga ukavunjika. Simu ilikuwa na chaji ndogo, na baridi ikaimaliza. Alilala pale karibu saa nzima akisikia magari ya barabara kuu upande wa pili wa miti, hadi alipopita mama mmoja wa Kiswidi na mbwa wake. Anasema maumivu aliyazoea baada ya robo saa. Kilichomtesa ni kuhesabu kichwani ni nani angegundua kwamba hayupo. Mkewe alikuwa zamu ya usiku. Watoto walishazoea baba kuchelewa. Kazini angehitajika kesho yake saa nne. Alipiga hesabu akaona anaweza kulala pale hadi asubuhi bila mtu yeyote katika mji huu wenye watu karibu milioni kuuliza yuko wapi.

Mwaka uliofuata mwezi Aprili, tukiwa na klabu upande wa Ekerö, mtu alianguka mbele yetu. Ilikuwa changarawe, ile wanayomwaga majira ya baridi watu wasiteleze na ambayo haijafagiliwa bado wakati jua la kwanza linapotutoa nje. Kabla vumbi halijatua mmoja alikuwa amesimama barabarani kuzuia magari, mwingine amemfunika aliyeanguka kwa koti, mwingine yuko kwenye simu na 112 akitaja mahali kwa usahihi. Aliyeanguka alikuwa Mswidi, na aliyevua koti alikuwa mwenzetu wa Bukavu, na wala hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo la kutajwa.

Ndugu yetu ataniambia, sawa, lakini huko nitakuwa mweusi peke yangu. Ni kweli. Siku ya kwanza utakuwa. Sisi tulikuwa. Mzee mmoja alituuliza, kwa upole uliozidi, kama tunazifahamu alama za barabarani, naye mmoja wetu anaendesha basi la abiria mwaka wa kumi na moja. Unameza, unamjibu, unapanda baiskeli. Kundi zima linatumia maneno machache tu ya kupigiana kelele: gari nyuma, gari mbele, shimo, changarawe. Yaliyobaki ni mikono. Mkono ukielekezwa chini kuna shimo, mkono ukipelekwa nyuma ya mgongo kuna kizuizi pembeni. Baada ya safari tatu yule mzee alikuwa anakaa nyuma ya gurudumu letu akiamini mkono wetu kuliko macho yake, maana aliyeko nyuma haoni barabara, anamwona wa mbele. Sisi tuliosoma kozi za Kiswidi kwa miezi mingi tukafundishwa kuongea habari za hali ya hewa, tulianza kuongea na Waswidi kweli kweli pale kwenye kahawa ya baada ya safari, miguu ikitetemeka, maandazi ya mdalasini mezani. Mtu aliyechoka hana adabu nyingi za kukuwekea umbali.

Na katika habari hii ya kuwa peke yako katika rangi yako, kuna kisa ambacho Mwafrika Mashariki hana ruhusa ya kukisahau. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Alipokuwa kijana mdogo mama yake alimpeleka kwa David Kinjah, mwendeshaji wa Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, ambaye alikuwa akiwakusanya vijana wa kijiji na kuwafundisha kuendesha na kutengeneza baiskeli. Kundi lake linaitwa Safari Simbaz. Huyo mtoto alikuwa Mzungu peke yake. Alilala kwenye nyumba zao za mabati, akala chakula chao, akaachwa nyuma milimani na vijana wenye baiskeli mbovu kuliko yake. Baadaye alishinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, na habari za Kinjah hazikosi kila maisha yake yanaposimuliwa. Mtoto yule hakusema nitakuwa mweupe peke yangu. Je, sisi watu wazima wenye ndevu tumwogope mzee wa mvi wa Ekerö?

Watu wa Eritrea, ambao tunapanga nao foleni katika maduka ya Rinkeby, hawahitaji kuambiwa haya. Biniam Girmay alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hata moja, na akarudi nyumbani na jezi ya kijani. Yeye ni mtu wa mbio za mwisho, anayekingwa upepo na wenzake kilomita mia na zaidi ili achomoke katika mita mia mbili. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara letu. Tulitazama pamoja sebuleni, kelele hadi jirani akagonga ukuta. 

Lipo kundi la pili tunalotaka kulijibu, nalo si la ndugu yetu. Ni wale wanaosema vema, tuendeshe pamoja, lakini tuanzishe klabu yetu wenyewe, ya Waafrika Mashariki. Tunawaheshimu, maana wengine ni wazee wetu. Ila tuulizane bila kuficha: vyama vyetu mjini hapa vimeishia wapi? Kila chama kikifikisha mwaka wa tatu kinazaa vyama viwili, kimoja cha mwenyekiti na kimoja cha aliyekuwa mwekahazina. Tunavyo vyama vilivyozaliwa siku ya kujaza fomu ya ruzuku na kufa siku ya kudaiwa ripoti. Klabu ya baiskeli haistahimili hayo. Inahitaji mtu anayeijua barabara ya Sigtuna, mtu mwenye vifaa vya kunyoosha gurudumu lililopinda, mtu wa kufundisha watoto bila kukosa kila Jumatano, kwa miaka. Watu hao wapo tayari katika klabu zilizopo, na baadhi yao ni wazee wanaotafuta wa kuwaachia funguo za karakana. Shirikisho la baiskeli la nchi hii lilianzishwa mwaka 1900, na safari ya kulizunguka ziwa Vättern kutoka mji wa Motala, kilomita 300 na ushei, imekuwa ikifanyika tangu 1966. Kuna elimu iliyokaa humo kwa vizazi, na ada ya kuingia kwa mwaka kwa kawaida ni mamia machache ya kronor. Tunalipa zaidi ya hapo kwa harusi za watu tusiowafahamu.

Baiskeli ni ghali, watasema. Mpya, naam. Sisi wote wanne tulianza na za mitumba, na ya kwanza ilinunuliwa kutoka kwa mwanachama aliyeona haya kutudai bei kamili. Nguo za kubana nazo zimesemwa sana msikitini na kanisani. Hakuna kanuni ya klabu tuliyoikuta inayomlazimisha mtu kuzivaa. Mwenzetu wa Mombasa anavaa suruali ya michezo juu yake na hakuna aliyewahi kugeuza shingo.

Tulisema tutairudia hoja ya zamu. Klabu si jeshi. Majira ya joto nyingi zina safari za jioni katikati ya wiki, na jua la Juni haliingii hadi saa nne usiku. Anayeweza kuja mara moja kwa mwezi aje mara moja. Siku nyingine zote baiskeli ni yake na msitu ni wake. Hatukumwambia mtu aache kuendesha peke yake. Sisi wenyewe tunaendesha peke yetu kwenda kazini. Tunachopinga ni kuigeuza hali hiyo kuwa falsafa.

Maana falsafa hiyo ina mtu anayeilipia, na ndugu yetu hakumtaja hata kwa neno moja. Ni dada zetu. Wengi wao hawakufundishwa baiskeli utotoni. Huko pwani, na bara vilevile, kaka alipewa baiskeli ya kwenda dukani na dada akaambiwa atajiaibisha. Wamekuja hapa wakiwa na miaka 30 au 50, wakaona wakwe wa Kiswidi wenye miaka 70 wakienda sokoni kwa baiskeli na mikoba mbele, wakatamani. Zipo kozi za kuwafundisha wanawake watu wazima; Msalaba Mwekundu na chama cha Cykelfrämjandet wamewahi kuziendesha. Tumewaona dada zetu pale kwenye viwanja vya shule, wameondolewa pedali, wanasukuma kwa miguu kama watoto, wanacheka hadi machozi. Tumemwona mama wa watoto wanne akizunguka kiwanja mara ya kwanza bila kushikwa, mtandio unapepea, akipiga vigelegele mwenyewe.

Halafu kozi inakwisha. Cheti kinakwenda kabatini na baiskeli inakwenda ghala la chini. Kwa nini? Kwa sababu hana wa kwenda naye. Njia za msituni hataki kupita peke yake jioni, na ana haki. Mumewe, ambaye ana baiskeli, ametoka saa kumi na moja alfajiri kutafuta uhuru wake. Tulimuuliza mmoja kwa nini ameacha, akajibu, "Kaka, mimi nimejifunza kuzunguka kiwanja. Barabara nani atanipeleka?"

Swali hilo ndilo tulilolipeleka klabuni. Katika vyama vya nchi hii mwanachama aliyelipa ada ana kura katika mkutano wa mwaka, na anaweza kuleta pendekezo la maandishi kabla ya siku iliyowekwa. Tuliandika pendekezo kwamba klabu iwe na kundi la mwendo wa pole, linaloanzia Husby badala ya mjini, na kwamba asiachwe mtu nyuma. Mkutano ulikuwa Februari, katika chumba cha chini kinachonuka mafuta ya mnyororo, na ulikuwa mrefu kama kesi ya shamba. Wapo waliosema Husby ni mbali. Mmoja wetu aliuliza, mbali na wapi? Palikuwa kimya. Mzee wa mvi, yule yule wa alama za barabarani, ndiye aliyeomba kura ipigwe, na pendekezo likapita kwa kura chache. Kama tungekuwa nje tungeandika barua ya malalamiko kwenye jarida hili, nanyi mngeisoma mkitikisa vichwa.

Kundi hilo lipo sasa. Mara nyingi huwa watu kumi na wawili, wanane wakiwa wanawake, na lugha zinazopigwa humo ni Kiswidi kibovu, Kiswahili, Kisomali na Kitigrinya. Mwendo ni kilomita 15 kwa saa na hupungua kwenye mlima. Mwenye pancha husubiriwa. Upungufu wetu mkubwa ni wa watu wazoefu wa kukaa mbele kukata upepo na wa kukaa nyuma kabisa kuhakikisha hakuna aliyepotea, kazi ambayo hufanywa vizuri zaidi na mtu aliyezoea barabara na asiyependa kuongea sana.

Jumamosi ya kwanza baada ya manispaa kufagia changarawe, saa nne asubuhi, tutakuwa nje ya kituo cha Husby. Ndugu yetu anapajua, maana kila wiki tunamwona akipita hapo, kichwa chini, upepo usoni. Safari hii asimame. Pampu tunayo, chai ya tangawizi ipo kwenye chupa, na nafasi ya mkiani tumemwekea.